Maabara ya kompyuta inakula umeme mwingi ikiwa tupu kuliko ikiwa na wanafunzi. Nimepima, njooni tujadili

#1 Funguo_za_Maabara (mleta uzi)

Habari za wakati huu wakuu. Mimi ni mwalimu wa kompyuta na ndiye ninayeshika funguo za maabara shuleni kwetu: nafungua mimi, nafunga mimi. Naleta jambo lililonikosesha raha mpaka nikakaa na kalamu na karatasi Jumapili nzima.

Jumatatu moja nilifika saa 1 asubuhi, kabla ya mtu yeyote. Nilipofungua mlango nikapokelewa na joto, lile la chumba kilichofungwa watu wakiwa ndani, na hali hakuna aliyeingia humo tangu Ijumaa. Skrini zote nyeusi. Nikatega sikio, nikasikia feni ndogo zinavuma chini ya meza. Basi nikaanza kupita meza hadi meza nikiweka kiganja juu ya kila boksi. Hili la moto, hili la baridi, la moto, la moto. Kati ya mashine 32, mashine 19 zilikuwa zinawaka.

Nilipofuatilia nikaelewa. Mwanafunzi akimaliza kipindi anabonyeza kitufe cha monita, skrini inakuwa nyeusi, naye anaondoka akijua amezima kompyuta. Hana kosa, hakuna aliyewahi kumwambia kwamba ile ni skrini tu na kompyuta yenyewe iko chini ya meza. Na mimi mwenyewe nilikuwa nachungulia mlangoni jioni, naona giza, nafunga.

Nikaazima kwa fundi ile mita ya kuchomeka kwenye soketi, unayochomekea kifaa ikakuonyesha wati. Nikapima mashine moja ya kawaida katika zile zetu. Boksi peke yake, ikiwa imewaka bila kufanya kazi yoyote, wati 52. Monita yake wati 19. Jumla 71. Nikafungua hati nikaandika aya nzima, namba ikacheza kidogo tu, 73, 74, ikarudi. Hapo nikashtuka. Mashine isiyofanya chochote inakula karibu sawa na inayotumika kuandika! Nilipoilaza, yaani boksi na monita vyote vikasinzia, ikashuka hadi wati 3. Nilipoizima kabisa ikabaki wati 1 na nusu, mpaka nilipozima swichi ya ukutani ndipo ikasoma sifuri.

Sasa hesabu, na naomba mnikosoe kama nimeteleza. Uniti moja ni wati 1,000 kwa saa moja. Ratiba yetu ina vipindi 22 vya kompyuta kwa wiki, kila kimoja dakika 40, sawa na saa 15 hivi. Mashine 32 kwa wati 71 ni wati 2,272. Zikiwaka kwa saa 15 za masomo tu, zinakula uniti 34 kwa wiki.

Sasa ile wikendi. Kuanzia Ijumaa saa 10 jioni hadi Jumatatu saa 1 asubuhi ni saa 63. Maboksi 19 kwa wati 52 ni wati 988. Ni sawa na kuacha pasi ya nguo imewashwa usiku na mchana kwa siku mbili na nusu. Uniti 62. Wikendi moja, chumba kimefungwa, imekula karibu mara mbili ya masomo yote ya wiki.

Ndiyo maana nasema mjadala wetu tunauanzia pabaya. Kila kikao cha umeme shuleni, wazo la kwanza ni "tununue mashine mpya zinazotumia umeme kidogo". Mashine mpya ni nzuri, sikatai. Lakini wiki ina saa 168 na sisi tunafundisha saa 15. Hizo 153 zilizobaki ndizo zinazotumaliza, na kuziokoa hakuhitaji kununua kitu.

Nilichofanya mpaka sasa: kila mashine nimeipangia skrini izime baada ya dakika 5 bila kuguswa, na mashine yenyewe ilale baada ya dakika 20. Kwenye Windows ni mistari miwili tu, powercfg /change monitor-timeout-ac 5 na powercfg /change standby-timeout-ac 20, huna haja ya kuzunguka kwenye madirisha ya mipangilio mara 32. Mwangaza wa monita nimeushusha kutoka juu kabisa hadi nusu, na wati 19 zikawa 14, na hakuna mwanafunzi aliyelalamika. Eksitensheni za kila safu ya meza nimezielekeza kwenye swichi moja ya ukutani, nikishahakikisha mashine zote zimezimwa nabonyeza hiyo.

Nilitaka pia kuwaonyesha wanafunzi. Nikaiweka mita juu ya meza ya mbele, wakaizunguka. Nikailaza mashine. Namba ikaporomoka 71, 40, 3, wakashangilia kana kwamba ni bao. Nikaizima kabisa, ikabaki 1.5. Binti mmoja akainama akaitazama kwa muda, akauliza, "Mwalimu, kumbe hata ikiwa imezimwa inakula?" Akanyoosha mkono akazima swichi mwenyewe. Tangu siku hiyo yeye ndiye anayepita safu kwa safu kipindi cha mwisho cha Ijumaa, na simhimizi.

Karibuni. Wenye uzoefu wa kuzima mashine nyingi kwa pamoja, nawasubiri kwa hamu.

#2 Bisibisi

Mkuu, hongera kwa kupima. Wengi tunabishana kwa kukisia tu.

Niongeze la ufundi. Pawasaplai, yaani kile kisanduku cha ndani ya boksi kinachoigawia kompyuta umeme, nazo zinatofautiana sana. Umeme wa ukutani unaingia, unabadilishwa, na sehemu yake inapotea kama joto humo humo kabla haujafika kwenye ubao mama, ule ubao mkuu unaobeba vipande vyote vya kompyuta. Tangu 2004 kuna alama ya 80 PLUS, maana yake pawasaplai hiyo haipotezi zaidi ya asilimia 20 ya umeme inaouvuta, ikibebeshwa mzigo mdogo, wa kati au kamili. Za zamani zisizo na alama yoyote nimekuta zinapoteza zaidi ya hapo kwa mbali. Kwa hiyo ukifika wakati wa kubadilisha pawasaplai iliyoungua, usichukue yoyote iliyo mbele yako.

Pia usinunue ya wati 600 kwa kompyuta ya kuandikia barua. Pawasaplai kubwa ikibeba mzigo mdogo mno, ufanisi wake unashuka.

Lingine ni diski. Diski ya kuzunguka ya kompyuta ya mezani inakula wati 5 hadi 7 hata ikiwa imetulia, kwa sababu sahani zake zinazunguka muda wote. SSD, yaani diski isiyo na kitu kinachozunguka, ikitulia haifiki hata wati moja. Faida kubwa zaidi ni kwamba mashine inawaka haraka, na ikiwaka haraka mtu haoni shida kuizima. Uvivu wa kuzima mara nyingi unatokana na uchungu wa kusubiri.

Na vumbi, jamani. Fungua maboksi, puliza vumbi. Feni inayokimbia kwa nguvu zote kwa sababu kipoza joto kimezibwa inakula umeme, na inakufa mapema.

#3 Chaki_Mkononi

Shikamooni wakubwa. Mimi sifundishi kompyuta, nafundisha jiografia, ila natumia chumba cha kompyuta mara mbili kwa wiki. Naomba mnisikilize na upande wetu.

Kipindi ni dakika 40. Mashine zetu zikiwa zimezimwa zinachukua dakika 4 mpaka mwanafunzi aone ukurasa wa kwanza, na zingine 5. Hapo hapo toa dakika za kuingia na kukaa. Mimi nimebaki na nusu saa. Ndiyo maana nikiondoka naziacha zimewaka, ili mwenzangu anayefuata asiteseke. Sifanyi kwa dharau ya umeme.

La pili ni kazi za watoto. Mwaka jana kuna mtu aliweka mpango wa kuzima mashine zote saa 9 alasiri. Ramani walizochora wanafunzi wangu kwa wiki mbili, nusu zilipotea kwa sababu hawakuwa wamehifadhi. Nililia, siwafichi. Tangu hapo nikisikia "kuzima kiotomatiki" roho inanidunda.

#4 Funguo_za_Maabara

Dada Chaki, marahaba, na pole sana. Hayo uliyosema ndiyo yanayoua mipango hii mashuleni. Mtu wa mitambo anapanga bila kumuuliza mwalimu wa darasani, mwalimu anaumia, kesho yake mpango unafutwa na hakuna anayethubutu tena.

Tutenganishe kulala na kuzima. Kompyuta ikilala, kila kitu kilichokuwa wazi kinabaki kwenye kumbukumbu yake ya muda, ile RAM, na umeme kidogo sana unaendelea kuishikilia. Prosesa (chipu inayofanya hesabu zote), feni na diski vyote vimesimama. Mwanafunzi akigusa kibodi, ramani yake iko pale pale alipoiacha, ndani ya sekunde chache. Kwangu zinaamka kwa sekunde 3 au 4. Kwa hiyo kati ya kipindi na kipindi dawa ni kulala. Kuzima ni kwa jioni na wikendi.

Kuhusu hofu ya umeme kukatika wakati mashine imelala, nayo ni ya haki, maana RAM ikikosa umeme inasahau kila kitu. Kwenye Windows kompyuta nyingi za mezani zina mpango wa usingizi mseto: kabla ya kulala, mashine inaandika nakala ya kazi kwenye diski. Umeme ukikatika, ikiwashwa inasoma ile nakala na kazi inarudi. Mwombe mtu wa mitambo ahakikishe umewashwa, mjaribu kwa mashine moja kwa kuchomoa plagi ikiwa imelala, uone kwa macho yako kabla ya kuamini maneno yangu.

Na ile ya saa 9 alasiri, aliyeipanga alikosea. Kuzima kuwe na onyo la dakika kadhaa kwenye skrini, na kuwe saa ambayo hakuna mtu kabisa.

#5 Mgeni_Jukwaani

Wakuu samahani kwa swali dogo. Sisi kwetu tumeweka skrinseva yenye picha za samaki kwenye mashine zote kama njia ya kuokoa umeme. Inasaidia?

#6 Bisibisi

Haisaidii ndugu. Skrinseva ilitungwa enzi za monita zile nene za kioo, kwa sababu picha moja ikisimama muda mrefu ilikuwa inaunguza rangi ya ndani ya kioo na kuacha alama ya kudumu. Monita bapa za leo taa yake inawaka vile vile samaki wakiwepo au wasiwepo, na prosesa inafanya kazi ya kuwachora. Nyingine zenye michoro mizito zinaizuia hata mashine kulala. Ondoa, weka skrini izime.

Na kwa kuwa lazima kuna atakayeuliza: kuweka ukurasa mweusi ili kuokoa umeme kunafaa kwenye skrini za OLED, ambako kila nukta inatoa mwanga wake, kama simu nyingi za sasa. Monita za maabara nyingi ni LCD, taa iko nyuma na inawaka muda wote. Hapo weusi hauokoi kitu cha maana. Kinachookoa ni kushusha mwangaza, kama alivyofanya mleta uzi.

#7 Kebo_ya_Buluu

Nimesoma yote, nyuzi kama hizi zinanipa raha. Mimi ndiye yule "mtu wa mitambo" mnayemsema, niko upande wa mtandao.

Sababu ya sisi kukataza watu wasizime mashine usiku ni masasisho, yale matoleo mapya ya programu. Tunapakua na kufunga usiku ili mchana mtandao usizibe. Lakini hii si sababu ya mashine 32 kuwaka usiku kucha siku saba. Karibu kila kompyuta ya mezani ina uwezo unaoitwa Wake-on-LAN. Mashine imezimwa, ila kadi ya mtandao inabaki macho kwa umeme kidogo mno, ikisubiri ujumbe wa aina moja tu: baiti 6 zilizojaa, kisha anwani ya kadi hiyo ikirudiwa mara 16. Jumla baiti 102. Ikiupata, inaiamsha mashine. Mimi naziamsha zote Jumatano saa 4 usiku, zinajisasisha, na saa 7 usiku amri ya kuzima inapita. Saa 3 kwa wiki.

Mleta uzi, hapo ndipo swichi yako ya ukutani inapogongana na kazi yangu, kwa sababu soketi ikikosa umeme kadi haisikii chochote. Ushauri wangu: swichi ya ukutani itumike Ijumaa na likizo, katikati ya wiki ziache zimezimwa kwa kawaida tu. Kwa mashine 32, wati 1 na nusu ni wati 48 jumla, ni taa chache. Wikendi na likizo ndiko kwenye saa nyingi, kata huko.

Kwa kuzima jioni: kwenye kipanga kazi cha Windows unaweka amri shutdown /s /t 300, inatoa onyo na kusubiri sekunde 300. Anayefanya kazi anaisimamisha kwa shutdown /a. Wafundishe walimu hiyo ya pili kwanza, kabla ya kuweka ya kwanza. Dada Chaki angekuwa nayo, ramani zisingepotea.

#8 Mti_Mkavu

Mimi nina mawazo tofauti kidogo. Kwa nini tung'ang'anie maboksi ya wati 50? Kompyuta mpakato inatumia wati 10 hadi 30 pamoja na skrini yake. Kuna kompyuta za ubao mmoja kama Raspberry Pi, zipo tangu 2012, zinatumia wati chache tu. Kuna pia vituo vyepesi ambavyo kazi yote inafanyika kwenye seva moja, yaani kompyuta kuu inayohudumia nyingine, mezani kuna kijisanduku cha wati 10 hivi na monita. Mradi wa LTSP wa Linux umekuwa ukifanya hivyo tangu 1999. Ukifundisha kuandika, majedwali na kuvinjari intaneti, inatosha kabisa.

#9 Bisibisi

Mti Mkavu uko sahihi kwa anayeanza maabara leo. Asiye na kitu, aanze na hizo. Nakazia mambo mawili tu.

Kwanza, seva inawaka muda wote na inakula yake, iweke kwenye hesabu. Seva kubwa inayohudumia vituo 8 tu inaweza isikuokolee chochote.

Pili, kuitengeneza kompyuta kunakula nishati nyingi kabla haijafika darasani: kuchimba madini, kuyeyusha, kutengeneza chipu. Kwa kompyuta mpakato, sehemu kubwa ya hewa ukaa inayohusiana nayo maisha yake yote inatoka kiwandani, si kwenye soketi yako. Ukitupa mashine nzima inayofanya kazi ili uokoe wati 30, umeihamishia gharama dunia. Itie SSD, iongezee RAM, iendeshe miaka mingine. Ikifa yenyewe ndipo ununue inayokula kidogo, na hapo angalia alama ya Energy Star. Hiyo iliasisiwa na mamlaka ya mazingira ya Marekani 1992, na vifaa vya kwanza kabisa kupewa vilikuwa kompyuta na monita.

#10 Funguo_za_Maabara

Asante Bisibisi, hiyo ya kiwandani nilikuwa sijaifikiria vizuri. Na Kebo nakubali, swichi itakuwa ya Ijumaa na likizo.

Niongeze joto. Kila wati inayoingia kwenye kompyuta mwishowe inatoka kama joto. Darasa langu likijaa, wati 2,272 za joto zinamwagika chumbani, bila kuhesabu watoto. Mwenye kiyoyozi anakilipa kiyoyozi kilitoe joto hilo nje, takribani wati 1 kwa kila wati 3 za joto. Kwa hiyo ukizima boksi la wati 52 umeokoa karibu 70. Sisi hatuna kiyoyozi, tunafungua madirisha, lakini nawaonea huruma walio nacho.

Na projekta! Nilisahau. Ya kwetu ya taa ya zamani inavuta wati 260, sawa na mashine tatu na nusu, na nimeikuta mara nyingi inaangaza ukuta mtupu mwalimu akiwa ameshatoka.

#11 Chaki_Mkononi

Nimerudi, zimepita wiki mbili. Nilimpelekea mtu wetu wa mitambo uzi huu wote akausoma mbele yangu. Tukafanya lile jaribio: nikafungua ramani, tukailaza mashine, akachomoa plagi. Nilifumba macho. Alipoiwasha ramani ilirudi, hadi mstari wa mto niliokuwa nimeuacha nusu.

Sasa naingia darasani, watoto wanagusa kibodi, zinaamka zote kabla sijamaliza kuita majina. Nimepata dakika zangu 4. Kwa kweli sikutegemea kwamba suala la umeme ndilo lingenirudishia muda wa kufundisha.

Ila kuna mashine moja ya kona ya nyuma. Tukiilaza inalala, baada ya muda kidogo inaamka yenyewe bila mtu. Watoto wameanza kusema ina jini. Nisaidieni nijue pa kuanzia.

#12 Kebo_ya_Buluu

Dada, ifungue dirisha la amri kama msimamizi mara tu baada ya kuamka, andika powercfg /lastwake. Itakutajia kifaa kilichoiamsha. Ikitaja kadi ya mtandao, nenda kwenye sifa za kadi hiyo, sehemu ya usimamizi wa umeme, weka tiki iamshwe kwa ule ujumbe maalumu wa baiti 102 peke yake. Bila tiki hiyo inaamshwa na kelele yoyote inayopita mtandaoni. Ikitaja kipanya, kiinue mezani ukilaze chali. Meza za kona huwa zinatikisika watu wakipita, na kipanya cha mwanga kinadhani kimeguswa.

#13 Chaki_Mkononi

Ni kipanya. Meza ina mguu mmoja mfupi, tumekunja karatasi tukauwekea chini. Imelala tangu asubuhi.